Land Rover ya zamani na usukani usiosikia: pa kuanzia kabla ya kununua pawa stelingi

Kila tunapogusia magari kwenye kipindi cha asubuhi, simu na ujumbe unaoingia hauulizi magari mapya. Unauliza Land Rover. Msikilizaji wa Mlalo anasema lake linavuta kushoto. Wa Bumbuli anasema anazungusha usukani karibu robo duara ndipo magurudumu yaitike. Wa Shume hana maneno mengi, anataka kujua pawa stelingi inafungwa wapi na kwa shilingi ngapi. Muda wa redio hautoshi kujibu haya yote, maana kabla hujamaliza sentensi ya pili tangazo la mbolea limeshaingia. Kwa hiyo nimeyaandika hapa. Soma taratibu, hifadhi kwenye simu, na ukienda gereji uwe nayo mkononi.

Nina sababu yangu pia. Mjomba wangu ana Land Rover 109, Series III, ambayo kazi yake ni kutoa viazi na kabichi mashambani upande wa Lukozi. Mwaka juzi wakati wa masika nilikaa naye kiti cha mbele tukishuka kutoka Magamba kuja Lushoto mjini. Barabara ilikuwa imelowa. Tulifika kona inayokata kushoto, akazungusha usukani, gari likaenda moja kwa moja. Halikwenda mbali. Ni kama muda wa kuhesabu moja, kisha likaitika na kukata kona kwa ghafla kuliko alivyotaka. Ukingoni mwa barabara palibaki alama ya tairi la mbele, na chini ya alama ile kulikuwa na vilele vya miti. Hatukuzungumza mpaka tulipofika sokoni. Alipozima injini alisema jambo moja tu: "Nikiuza viazi vya msimu huu, nafunga pawa."

Viazi viliuzwa. Tukashuka naye Mombo kwa fundi ambaye amekuwa chini ya Land Rover tangu akiwa kijana. Alimsikiliza mjomba mpaka mwisho, akaingia uvunguni na tochi, akatoka.

"Mzee wangu, pawa nitakufungia na hela yako nitaila," alisema. "Lakini gari hili siyo zito kugeuka. Gari hili limelegea. Nikikuwekea pawa, utageuza kwa kidole kimoja kitu ambacho kimelegea."

"Sasa mwanangu, unanishauri nini?"

"Tuanze chini, mzee. Tupande kidogo kidogo."

Makala hii inafuata njia hiyo, ya kuanzia chini na kupanda.

Gari lenyewe

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Series II ilifuata 1958, Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Nambari 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na sentimita 277 hivi, na ile fupi ni 88. Mwaka 1983 ikaja 110, ambayo kwa macho inafanana na dada zake lakini chini ni gari jingine kabisa: springi zake ni za kuzunguka badala ya zile za mapande, na magurudumu yote manne yanavuta wakati wote. Jina Defender lilianza 1990, na gari la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016.

Huku kwetu hazijafikiriwa kuwa magari ya makumbusho. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover na yakajitokeza magari kwa mamia, mengine yakiwa yamepakwa rangi yakang'aa kama ya harusi. Wengi wa wasikilizaji wetu walicheka waliposikia kwamba kuna watu wanakusanyika kulitazama gari wanalobebea viazi. Lakini ndiyo hivyo, gari la zamani linalotunzwa ni gari la zamani, liwe Arusha au Rangwi.

Nambari hizi nimeziweka kwa sababu ya jambo la vitendo. Ushauri wa 110 haufai wote kwa 109, na spea za mwaka mmoja haziingii mwaka mwingine. Kabla ya kitu chochote, jua gari lako ni lipi.

Kutoka mikononi hadi kwenye tairi

Kwenye 109 na 88, ukizungusha usukani, mzunguko unashuka kwa fimbo hadi kwenye boksi la usukani. Ndani ya boksi kuna mkunjo kama wa skrubu, nati na gololi zinazozunguka kati yake ili msuguano uwe mdogo. Boksi linageuza mzunguko kuwa mwendo wa mbele na nyuma wa mkono wa chuma. Mkono huo unasukuma rodi inayokwenda mbele ya gari, ambako kuna silinda nene ya chuma iliyosimama ndani ya boriti ya chasisi. Mafundi wa Land Rover huiita rilei. Usiichanganye na rilei ya umeme. Rilei inapokea msukumo juu na kuutoa chini kwa mkono mwingine, ambao unavuta rodi ya pili hadi kwenye gurudumu. Rodi ya tatu inaunganisha gurudumu hilo na mwenzake ili yageuke pamoja.

Rodi tatu, kila moja ina kiungo cha mpira wa chuma mwanzoni na mwishoni. Hivyo ni viungo sita, vile ambavyo gereji nyingi huviita tairodi endi. Ongeza boksi, rilei, kingipini za magurudumu mawili, beringi, na springi zinazoshika ekseli. Sasa fikiria kila kimoja kimelika kidogo tu, milimita moja hivi. Hakuna kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingekutisha. Vikijumlishwa, ndiyo ile hesabu ya "moja" pale kwenye kona ya Magamba.

110 haina rilei, na hilo ni jambo jema. Badala yake ina fimbo inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia, na bushi za fimbo hiyo zikiisha gari linatangatanga barabarani hata kama tairodi zote ni mpya. Nimesikia watu waliobadilisha tairodi mara tatu kabla ya mtu kuwaambia watazame bushi hizo.

Mambo ya bure kwanza

Usukani mzito wa Land Rover mara nyingi ni upepo. Tairi la mbele likiwa na upepo mdogo linashika ardhi kwa eneo kubwa na kukataa kugeuka. Pima tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kinachofanya kazi. Kipimo cha kupiga teke hakipimi kitu. Tazama pia kama tairi za mbele ni jozi moja. Tairi jipya kulia na la zamani lililolika kushoto, gari litavuta upande mmoja na hakuna fundi atakayeliponya kwa spana.

Upana nao una gharama yake. 109 ilitoka kiwandani na tairi nyembamba za 7.50-16, na 88 kwa kawaida na 6.00-16. Vijana wanapenda tairi pana kwa sababu gari linaonekana limesimama kwa kifua. Sawa, lakini gari lisilo na pawa litakulipisha mabegani kila unapoegesha.

Jambo la pili la bure linawahusu hasa wanaotoka kwenye matope na kuingia lami, kwa mfano kutoka Bumbuli kuja Soni. Kwenye Series III kuna kitufe cha njano karibu na gia. Ukikibonyeza chini, ekseli ya mbele inaanza kuvuta. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu ekseli mbili zinagombana. Usukani unakuwa mzito, gari linakataa kona, tairi zinalia, na mwishowe kitu fulani ndani kinavunjika. Kitufe hicho hakirudi juu chenyewe. Simamisha gari, vuta mkono mwekundu kuingia gia za chini, kisha urudishe kwenye gia za juu; cha njano kitaruka. Kwenye 110 kosa lenyewe ni kusahau difu ya katikati ikiwa imefungwa, na dalili ni zilezile. Mwenye 110 mmoja alinipigia studio kulalamika kwamba "usukani umekufa". Tulizungumza dakika nne, akarudisha mkono wa difu mahali pake, ukafufuka.

Kutafuta kilicholegea

Hapa mnahitajika watu wawili na dakika ishirini. Weka gari mahali tambarare, vuta hendibreki, weka kabari au mawe kwenye magurudumu ya nyuma. Injini izimwe. Mmoja akae kwenye usukani autikise kushoto na kulia kidogo kidogo, bila kufikia hatua ya magurudumu kugeuka. Mwingine aingie uvunguni na kushika kila kiungo kwa mkono, kimoja baada ya kingine, kuanzia boksi kwenda mbele. Usitegemee macho peke yake. Kiungo kizima kinapeleka msukumo wote upande wa pili. Kilicholika, upande mmoja unatembea na upande mwingine unasubiri, na kidole kitausikia huo mwanya kabla jicho halijauona. Tazama pia bolti zinazoshika boksi lenyewe. Nimeona boksi ambalo lilikuwa zima kabisa, ila lilikuwa linatembea lote mahali lilipofungwa.

Kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki, weka stendi imara au gogo chini ya ekseli. Jeki peke yake haiaminiki, na mteremko wa kwetu hausamehi. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea. Mchezo ukiisha alipokanyaga, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki palepale, ni kingipini. Jaribio hili moja limewaokolea watu fedha nyingi, kwa sababu beringi mara nyingi zinahitaji kukazwa tu, wakati kingipini ni kazi ya kufungua nusu ya ekseli. Mwisho, shika tairi kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo unaelekeza kwenye tairodi.

Viungo vilivyochoka vibadilishwe. Havikazwi, wala havifungwi kwa kipande cha mpira wa tairi, dawa ambayo nimeiona kwa macho yangu na sitasema wapi. Ukienda Korogwe au Tanga kununua, kumbuka kwamba kati ya viungo sita, vitatu vina uzi wa kulia na vitatu vina uzi wa kushoto. Kila rodi ina kimoja cha kila aina, ili ukiizungusha rodi urefu wake uongezeke au upungue. Mjomba alipanda basi mara mbili kwa kutojua hilo. Kabla ya kufungua cha zamani, pima urefu wa rodi kutoka katikati ya kiungo kimoja hadi katikati ya kingine na uandike. Kipya kiingie kwa urefu uleule. Nati yake ifungwe na pini mpya ya mikia miwili. Pini ya zamani iliyonyooshwa kwa nyundo ni shilingi chache ulizookoa juu ya maisha ya watu walioko nyuma.

Rilei na boksi

Kama usukani ni mzito na baada ya kona haurudi wenyewe katikati, mshuku rilei. Maji ya mvua na kutu huikamata ndani ya boriti, na oili yake, namba 90, ikiisha hakuna anayeiongeza kwa sababu wengi hawajui kama ina oili. Achanisha rodi mbili zinazoungana nayo, kisha uigeuze kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kiasi lakini itembee sawasawa mwanzo hadi mwisho. Ikikwama, oili ndiyo dawa ya kwanza. Fungua bolti ya juu, jaza polepole, geuza, iache usiku, rudia.

Isipopona, usiifungue nyumbani. Nasisitiza kwa sababu kijana mwenye spana na hamu ya kujifunza ni mtu wa hatari hapa. Ndani ya rilei kuna springi yenye nguvu iliyobanwa, inayosukuma vipande vinavyoleta ule ukataaji. Ukiifungua bila kujua, springi inatoka kama risasi. Imewahi kuumiza mafundi wazoefu. Nunua iliyokamilika, au umpe mtu mwenye kifaa cha kuibana.

Boksi lina skrubu ya kurekebisha ubavuni, yenye nati ya kuifungia. Watu wengi huikaza hadi mchezo uishe, kisha wanashangaa gari linakataa kurudi baada ya kona. Sababu ni hii: boksi hulika zaidi pale katikati, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likienda moja kwa moja. Ukikaza mpaka katikati pabane, pembeni ambako hapajalika patabana kupita kiasi. Rekebisha magurudumu yakiwa yamenyooka, kaza kidogo, kisha zungusha usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia magurudumu ya mbele yakiwa hewani. Ukikutana na mahali pazito, legeza. Ukilazimika kuchagua, chukua mchezo kidogo uliobaki, uliache boksi linalokwama. Linalokwama kwenye kona za Soni halikupi nafasi ya pili.

Kingipini, springi na urefu wa gari

Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna bakuli la duara la chuma linalong'aa, au lililowahi kung'aa. Matope yakilishika kila siku, uso wake unapata vidonda, sili inakatika, oili inavuja, na kingipini za ndani zinakauka. Ukiona mafuta meusi yamechuruzika ndani ya ringi, usisubiri. Kingipini hubanwa kwa kuongeza au kupunguza vibati vyembamba chini ya kofia ya juu. Zikilegea sana, gari linatetemeka usukani wote likipita shimo kwa mwendo fulani, na dereva mgeni hudhani gurudumu linang'oka. Zikibanwa sana, usukani haurudi.

Springi za mapande husahaulika kabisa kwenye mazungumzo ya usukani, ilhali ndizo zinazoshika ekseli mahali pake. Bushi zikiisha au zile bolti za umbo la U zikilegea, ekseli nzima inasogea kila unapokata kona. Hapo una tairodi mpya zinazoelekeza ekseli isiyotulia.

Kuhusu kuinua gari: kingipini hazikusimama wima, zimelala nyuma nyuzi 3. Mlalo huo ndio unaofanya magurudumu yapende kunyooka yenyewe, kama gurudumu la mbele la baiskeli. Ukiongeza vyuma virefu vya kushikia springi ili gari lipande juu, ekseli inajizungusha kidogo na mlalo unaweza kupungua. Gari linapendeza likiwa limesimama, barabarani linakuwa kama mbuzi asiyetaka kamba. Anayekuuzia vifaa vya kuinua akuuzie na kabari za kurudisha pembe hiyo, vinginevyo kataa.

Kuyapanga magurudumu kwa rula

Mashine ya alaimenti haiko Mtae, lakini kazi hii inawezekana kwa rula ndefu au fimbo iliyonyooka na mtu wa kusukuma gari. Magurudumu yaangalie mbele. Weka alama ya chaki upande wa nyuma wa ringi zote mbili, kwa urefu wa katikati ya gurudumu, na upime umbali kati ya alama. Sukuma gari mbele mpaka alama zilezile zifike upande wa mbele, kwa urefu uleule. Pima tena. Kwenye 109 na 88 umbali wa mbele uwe mdogo kuliko wa nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Ukihitaji kurekebisha, legeza vifungio vya rodi ya kuunganisha magurudumu, zungusha rodi, pima upya, kaza.

Kwenye 110 usifuate hesabu hii. Kwa kuwa magurudumu ya mbele yanavuta wakati wote, kiwanda kiliyapanga kinyume, yakifunguka kidogo mbele. Fundi aliyezoea 109 akiipanga 110 kwa mkono wa mazoea, tairi zitaisha na gari litakuwa na wasiwasi barabarani. Muulize kabla hajaanza.

Mapambo mawili yanayouzwa kama dawa

La kwanza ni shokapu ya usukani. Ina kazi yake halali: kupunguza mshtuko unaofika mikononi gurudumu linapopiga jiwe, na 110 hutoka nayo. Tatizo ni pale inapofungwa kunyamazisha mtetemo uliotokana na kingipini zilizolegea. Mtetemo unanyamaza, kulegea kunaendelea.

La pili ni usukani mdogo wa mbio. Usukani wa Series ni mpana, karibu sentimita 43, kwa sababu upana huo ndio pawa stelingi yake. Ukiweka wa sentimita 35, utahitaji nguvu zaidi kwa karibu robo kwa kona ileile. Ukiwa umepakia viazi, hiyo robo ni nyingi.

Sasa, pawa stelingi

Siipingi. Dereva mwenye umri mkubwa, bega bovu, au gari linalogeuza mara mia kwa siku kwenye vichochoro vya soko, pawa ni msaada wa kweli. Na kwa mwenye 110 isiyo nayo jambo si gumu, kwa kuwa kiwanda chenyewe kilitengeneza 110 zenye pawa, hivyo boksi, pampu na mabano yake yapo na yanakaa mahali palipoandaliwa.

Kwa 109 ni upasuaji. Boksi la kiwandani linatoka, rilei mara nyingi inatoka, na mahali pake panawekwa boksi la Range Rover ya zamani au la gari la Kijapani, kwenye bamba lililochomelewa kwenye chasisi. Pampu inahitaji mkanda na mahali pa kushika kwenye injini. Kama gari lilishafungwa injini ya dizeli ya Kijapani, kama zilivyo nyingi siku hizi, pampu pengine tayari iko pale ikisubiri, na hiyo inapunguza gharama.

Kabla ya kukubali kazi hiyo, muulize fundi maswali matatu. Chasisi itaimarishwaje pale boksi litakapokaa? Boksi la pawa linasukuma kwa nguvu kuliko mikono yako, na chuma chembamba chenye kutu hupasuka taratibu, ndani, usipopaona. Mikono na rodi zitatoka wapi? Akijibu kwamba atakata mkono wa boksi moja na kuuchomelea kwenye mwingine, mshukuru na uondoke. Mikono ya usukani ilitiwa ugumu kwa moto kiwandani, na moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo. Haitoi onyo inapokatika. Na tatu, injini ikizimika, bado nitaweza kugeuza? Afanye jaribio mbele yako.

Swali hilo la tatu ni la kwetu hasa. Mombo iko chini bondeni, Lushoto iko juu kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kilomita zisizozidi 35 za kona zinaziunganisha. Wapo madereva wanaoteremka injini imezimwa au gia ikiwa huru ili kuokoa dizeli. Tabia hiyo ni mbaya kwa gari lolote kwa ajili ya breki. Kwa gari lenye pawa ni mbaya mara mbili. Injini ikizima, pampu inasimama, na usukani uliouzoea kuwa mwepesi unageuka jiwe katikati ya kona. Dereva wa 109 isiyo na pawa angalau mikono yake imeshazoea uzito.

Jambo la karatasi: Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama kuwa barabarani, na mfumo wa usukani ni miongoni mwa vitu ambavyo mkaguzi wa magari wa polisi hutazama. Ukibadilisha boksi, mpelekee aone kabla hujapakia abiria au mzigo. Zungumza na bima pia, mapema, siyo baada ya ajali.

Mjomba hakufunga pawa. Fedha ya viazi ilinunua viungo sita, rilei, bushi za springi na sili za mabakuli, na bado ikabaki ya tairi mbili za mbele. Kazi ilichukua siku nne. Fundi alimwambia apimishe mchezo wa usukani kwa vidole kila Jumapili kabla ya kwenda shambani: vidole viwili avumilie, vitatu arudi Mombo. Tulipanda naye hadi Magamba kujaribu. Kwenye kona ile alikata usukani na gari likakata naye, papo hapo. Akasimama, akashuka, akaenda ukingoni kutazama chini. Aliporudi aliniambia bega bado linamuuma, na kwamba mwakani, viazi vikikubali, atamrudia fundi tena kuhusu ile pawa.